Juu Kumejaa, Chini Kupo

Usiku ule umeme ulikuwa umekatika Jambiani nzima, kule Zanzibar, nami niko peke yangu mapokezi ya hoteli na taa ya kuchaji. Ilikuwa Agosti 2013, kusi inavuma mpaka makuti yanalia. Ikaingia teksi kutoka mjini, wakashuka mume na mke wa makamo, Waingereza, wamechoka, viatu mikononi. Nyumba waliyokuwa wameikodi walikuta imefungwa, na mwenyewe hapokei simu. Yule bwana akaegemea meza yangu akasema, "Could you put us up for the night?"

Nilimwelewa vizuri sana, au ndivyo nilivyodhani. Put ni weka, us ni sisi, up ni juu. Anataka chumba cha ghorofani, na wageni wengi hupenda ghorofani ili waione bahari wakiwa kitandani. Bahati mbaya vyumba vyote vinne vya juu vilikuwa na watu. Nikajibu kwa adabu yote niliyokuwa nayo: "Sorry sir, up is full. But I can put you down."

Mke akamtazama mume, mume akamtazama mke. Halafu wakaangua kicheko, mpaka yule mama ikabidi akae juu ya begi lake. Bwana akafuta machozi akaniuliza bei. Nikamtajia bei ya usiku mmoja, chai ya asubuhi ndani yake. Akasema kwa huduma kama hiyo ni nafuu sana, na wakaanza kucheka upya. Nikawapa chumba namba 3, chini, wakaenda zao wanatetemeka mabega.

Asubuhi yule mama alikuja kunieleza taratibu kwamba kum-put mtu up ni kumpa malazi tu, iwe ghorofani, iwe chini, iwe kwenye mkeka sebuleni kwa shangazi. Nikamuuliza, na put down je? Akanishika mkono akasema, "Never mind, dear." Nikakaa miaka kumi bila kujua niliwaahidi nini watu wale.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili kama watoto wengi wa Tanzania, na nilipofika kidato cha kwanza masomo yote yakageuka Kiingereza kasoro Kiswahili chenyewe. Mwalimu wetu alikuwa na moyo, siwezi kumsema vibaya. Lakini siku ya phrasal verbs, yaani vile vitenzi vya Kiingereza vyenye mkia kama up au down unaogeuza maana, aliandika ubaoni look at, look after, look for, look into, look up, look over, look down upon, kila kimoja na maana yake, tukanakili, tukakariri kama tunavyokariri jedwali la kuzidisha. Kwenye mtihani nikaandika kwamba bibi yangu ananitafuta tangu mama aliposafiri. Nilitaka kusema ananilea.

Mpaka leo nasema orodha ile ndiyo sumu yenyewe. Ni sawa na kumtambulisha mgeni kwa mapacha saba kwa mpigo, wote wamevaa sare, halafu kesho yake umuulize nani ni nani. Angejuana na mmoja Jumatatu dukani na mwingine mwezi ujao msibani, asingewachanganya maisha yake yote.

Kitu kingine, shule ilitupa maneno mazito. Tulijua postpone, tulijua extinguish, tolerate, investigate. Nilipofika hotelini nikagundua wageni hawana habari nayo. Wao ni put off, put out, put up with, look into. Mgeni mmoja, mwalimu mstaafu, ndiye aliyenipa sababu: Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza mwaka 1066, na kwa muda mrefu baada ya hapo Kifaransa kikawa lugha ya ikulu na mahakama. Maneno mengi mazito yakaingia kupitia Kifaransa na Kilatini, na vile vitenzi vifupi vyenye mkia vikabaki kuwa maneno ya jikoni na shambani. Ndiyo maana Mfaransa na Mwitaliano wakija mapokezi tulikuwa tunaelewana upesi kuliko nilivyoelewana na Mwingereza mwenyewe. Wote watatu tulikuwa tunaongea Kiingereza cha ofisini.

Kwa hiyo hotelini ndiko nilikoanza shule upya, tena kwa kuumbuka.

Simu ilikuwa ya kwanza. Bwana mmoja alipiga kutoka Dar es Salaam akitaka vyumba sita kwa kundi zima. Katikati ya maongezi akasema, "Hang on a second." Nikakata simu. Akapiga tena, tukaendelea, akasema, "Sorry, hang on." Nikakata tena, nikashangaa mtu gani huyu anapiga simu ili aniambie nikate. Mara ya tatu alianza kwa kupiga kelele, "Don't hang up!" Nikashika kichwa. Baadaye nikaelezwa: simu za zamani zilikuwa za ukutani, ukimaliza unautundika ule mkono wa simu, ndiyo hang up. Hang on ni kung'ang'ania, usiachie, yaani subiri hapo hapo. Ukitafakari, ni "shikilia" yetu. Kwenye simu Tanga ukiambiwa "shikilia" hukati, si ndiyo? Na sisi tumechukua "shika" tukaiongezea mkia, ila mkia wetu umeshonewa ndani ya neno, wa kwao umening'inia nje.

Bosi alinisamehe la simu. La hati za malipo hakulisamehe haraka. Aliniletea bahasha akasema nizi-look over kabla hazijaenda kwa mhasibu. Jioni nikamwandikia ujumbe, kwa fahari kabisa, kwamba "I have overlooked all the invoices." Yaani nimezipuuza zote, sikuziona. Mkia ule ule, over, ukiuweka nyuma unakagua, ukiuweka mbele unapitiwa. Na mimi nilikuwa na sababu yangu ya kudanganyika, kwa sababu tangazo letu la hoteli lilisema vyumba vya juu "overlook the ocean," yaani vinaitazama bahari. Nikajiuliza, hivyo vyumba navyo vimeipuuza bahari?

Kwa upande wa usafi kulikuwa na kadi ya mlangoni, "Please make up my room." Shoga yangu aliyekuwa akisafisha vyumba alinijia nayo siku yake ya kwanza kazini. "Kwani chumba nacho kinapakwa poda?" Sikumcheka, maana make up ndicho kitenzi kilichonitesa kuliko vyote: kutengeneza chumba, kujipodoa, kutunga uongo, kupatana baada ya kugombana, na ukiongeza for, kufidia. Wapenzi wawili wa chumba namba 2 waligombana usiku, asubuhi wakaniambia "we made up," nikawa najiuliza wametunga nini.

Halafu turn down. Kupunguza sauti ya redio, sawa. Kukataa ombi, sawa. Na jioni kuna ile kazi ya kwenda vyumbani kukunja ncha ya shuka, kushusha chandarua na kuwasha taa ya pembeni, nayo inaitwa turndown. Bosi akaniandikia kwenye daftari la zamu, "Room 6 turned down the turndown." Nilisoma mara tatu. Mgeni wa 6 hataki kutandikiwa, basi.

Lakini barua pepe ndiyo iliyonifanya ninunue daftari. Kulikuwa na wanandoa waliokaa kwetu siku mbili badala ya tano. Jambiani, kama mjuavyo, kina mama wanalima mwani, na maji yakitoka mwani unabaki ufukweni na harufu yake. Waliandika kwa upole, "We were a bit put off by the seaweed." Kwangu put off ilikuwa na maana moja tu, kuahirisha. Nikawajibu siku hiyo hiyo: hamna shida, wangependa tarehe zipi mpya? Hawakujibu. Put off kwa mtu ni kumtoa hamu. Ule off unatoa kitu pale kilipokuwa: ukiiondoa safari kwenye tarehe yake umeiahirisha, ukimwondoa mtu kwenye hamu yake umemchukiza. Kitendo kimoja, chombo tofauti.

Hapo ndipo nilipoacha kuuliza "up maana yake nini" kwa jibu la "juu." Up mara nyingi haina habari na juu. Drink up ni kunywa mpaka tone la mwisho, use up ni kutumia mpaka kikaisha, tear up ni kuchana vipande vipande. Inasema jambo limefikishwa mwisho. Down nayo si chini kila mahali. Nyumba ya Mwingereza inaweza ku-burn up na inaweza ku-burn down, na kote ni jivu lile lile. Na fomu ya mapokezi, Mwingereza anai-fill in, Mmarekani anai-fill out, wote wanaandika jina na namba ya pasipoti pale pale. Mimi nilikuwa nawaambia "please fill up the form," kama vile nawauzia petroli.

Nilichokuja kugundua pia ni kwamba sisi wa Afrika Mashariki tuna mikia yetu wenyewe tunayoikata na tunayoibandika. Tunasema "I will pick you at three," na up tumeila. Mgeni anasikia tutamchagua saa tisa. Halafu pale pasipohitajika tunaiweka: "cope up with," yaani kumudu jambo. Cope haitaki up hata kidogo. Nadhani ile up tuliyoipunja pick tukaona aibu kuitupa.

Aliyenifungua macho kweli kweli si Mwingereza. Ni binti wa Kijerumani aliyekuja kujitolea shuleni kijijini, akawa anakaa kwetu. Alikuwa anajifunza Kiswahili kwa bidii ya ajabu. Jioni moja akamwendea mlinzi wetu, mzee wa makamo kutoka Makunduchi, akamwambia, "Mzee, shikamoo. Naomba unionee baiskeli yangu."

Mzee akaitikia marahaba, kisha akanyamaza. "Nikuonee? Nikuonee kwa kosa gani, mwanangu?"

Binti akanikimbilia. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa: pika, pikia, nunua, nunulia, andika, andikia. Basi ona, onea, yaani niangalizie. Nikafungua mdomo nimweleze kwa nini kumwonea mtu ni kumdhulumu na si kumwangalizia, nikakuta sina maelezo. Nina uhakika tu. Akaniuliza na hama na hamia, nikamwambia nimehama Tanga maana yake nimeondoka Tanga, nimehamia Tanga maana yake ndiko niliko. Irabu moja tu, na lori la mizigo limegeuza njia. Akaandika. Pita, pitia, pitiwa. Nikamwambia nikisema "nilipitiwa" hakuna gari lililonipita, nilisinzia au nilisahau. Akaweka kalamu chini.

Yeye naye akaniambia Kijerumani kina mikia hiyo hiyo, na kwao inachomoka kabisa. Kupiga simu ni anrufen, lakini ukitaka kusema "nakupigia kesho," rufe inabaki mwanzoni na an inasubiriwa mpaka mwisho wa sentensi. Tulikaa kwenye baraza la mapokezi mpaka saa tano usiku, mimi nikilia na put, yeye akilia na piga: piga pasi, piga deki, piga mswaki, piga magoti, piga chafya. "Mbona mnapiga kila kitu?" akauliza. Sikuwa na jibu la hilo pia.

Daftari langu liligeuka baada ya hapo. Sikuandika tena neno na maana. Niliandika nani kasema, wapi, uso wake ukoje, na nini kikafuata. Ukurasa mmoja bado naukumbuka: "Dereva. Getini. Amekasirika. 'We've run out of diesel.' Akachukua dumu." Run out, kuishiwa. Ukurasa mwingine, siku tofauti kabisa: "Mama wa chumba 1. Anacheka. 'I ran into an old friend in Stone Town.' Hakuna aliyeumia." Maana siku ile nilikuwa nimeshashtuka nikidhani amemgonga mtu, na kumgonga kwa gari ni run over. Hivi viwili sijawahi kuvichanganya tena, kwa sababu kimoja kina dumu na kingine kina kicheko.

Nilikuja kusoma kwamba Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake London mwaka 1755, alikiri kwenye utangulizi kwamba vitenzi hivi ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kupita zote. Akatoa mifano: fall on ni kushambulia, fall off ni kuritadi, yaani kuiacha dini. Sikuwahi kukutana na mgeni wa hoteli aliyeritadi, lakini nilifarijika. Mtu aliyeiandikia lugha yake kamusi nzima ananielewa.

Mwaka 2022 nikapata kazi ya kuhudumia wazee, nikahamia Leeds, Uingereza. Nilikuwa na miaka tisa ya daftari, nikajiona nimeiva. Siku ya kwanza mwenzangu aliniambia kuhusu mzee mmoja aliyekuwa kwenye kiti cha dirishani, "He's just dropped off." Nikaruka kwenda kutazama chini ya kiti. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, anakoroma. Drop off ninayoijua mimi ni ya teksi, kumshusha mtu getini, au ya kitu kudondoka. Kumbe na usingizi nao unamdondosha mtu.

La come round lilikuwa zito zaidi. Wakati wa chakula cha mchana mzee mmoja alizimia mezani, kijiko mkononi. Tukamlaza chini, tukamwinua miguu, nami nikapiga simu ya ndani kumwita nesi mkuu aliyekuwa jengo la pili. Nesi akauliza haraka haraka, "Has he come round?" Sasa, miezi mitatu nilikuwa nasikia come round kila siku: mwanangu ana-come round Jumapili, jirani ali-come round jana. Ni kuja kumtembelea mtu. Na yule mzee alikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Nikajibu, "No, not yet. He is coming on Sunday."

Kimya. "Sunday?" akasema nesi.

Alikuja mbio, na njiani akaita gari la wagonjwa. Alipoingia chumba cha chakula, mzee alikuwa ameshakaa kitako, ameegemea ukuta, anauliza nani kaichukua pudini yake. Kwa maneno mengine alikuwa ame-come round zamani, amerudiwa na fahamu, ila mimi nilikuwa namsubiri mtoto wake. Wahudumu wa gari la wagonjwa wakampima, wakaona yuko sawa, wakaondoka. Nesi hakunifokea. Aliniuliza tu, tukiwa wawili, nilikuwa naongelea nini. Nilipomweleza alikaa kwenye ngazi akacheka, kisha akaniambia kwa uso mkavu kwamba siku nyingine nisipoelewa swali niseme sijaelewa. Nililiandika na hilo.

Kulikuwa na bibi mmoja wa miaka tisini na kitu ambaye binti yake alikuwa anakuja kila Jumanne na mbwa. Mbwa mkubwa, mzee, miguu ya nyuma imeshachoka, mpaka kwenye ngazi za mlangoni binti alikuwa anambeba kifuani kama mtoto. Wazee walimpenda kuliko walivyotupenda sisi. Wakati wa masika yao ya 2023, Jumanne moja, binti akaja mikono mitupu. Nikamuuliza mbwa yuko wapi leo.

"We had to put him down on Friday," akasema.

Nikamwonea huruma mgongo wake. Put down naijua: kuutua mzigo, kuweka begi chini, kuweka simu chini. Nikatabasamu nikamwambia, "Yes, he was getting very heavy."

Binti akanitazama. Mama yake, aliyekuwa na chai mkononi, akakiweka kikombe kwenye sahani taratibu, akaniita karibu. "No, love," akasema. "The vet. With the needle." Daktari wa mifugo, na ile sindano ya kumlaza mbwa asiamke tena.

Nilimwomba msamaha binti yule mpaka yeye ndiye akaanza kunibembeleza. Akanikumbatia, akasema mbwa mwenyewe angecheka. Nilimaliza zamu saa mbili usiku, nikapanda basi, nikakaa kiti cha nyuma. Tulipopita kituo cha tatu ndipo Jambiani ikanirudia: taa ya kuchaji, upepo, viatu mikononi, bwana ameegemea meza yangu anaomba mahali pa kulala. Na mimi, kwa adabu yote, namwambia samahani juu kumejaa, lakini kwa bei ya usiku mmoja naweza kuwachoma sindano wote wawili, na chai ya asubuhi ndani yake.